Baiskeli ya babu, madafu na mti ulioota tumboni

Mtoto aliyekulia Muheza miaka ya mwanzo ya 2000 hakuhitaji kuwa na simu ili mama yake ajue alipo. Akivuka reli bila kutumwa, akionekana stendi anadandia gari la machungwa, akimjibu mtu mzima bila kuanza na shikamoo, taarifa ilifika nyumbani kabla yake. Tena ilifika ikiwa imeshatiwa chumvi.

Kaka, Dada na Kitindamimba, ndugu watatu waliolelewa katika nyumba moja jirani na reli, wanalijua hilo vizuri. Siku hizi wote ni wazazi. Kaka anaendesha lori, Dada ni mwalimu, na Kitindamimba ana duka la nguo Dar es Salaam. Wakikutana sikukuu ya Iddi, watoto wao huweka simu pembeni na kusogea karibu, kwa sababu wanajua hadithi za Muheza zinakuja, na ndani ya hadithi hizo baba na mama zao wanachapwa.

Kwa asiyeufahamu, Muheza ni mji wa wilaya mkoani Tanga, kwenye barabara inayotoka Segera kwenda Tanga mjini. Ni mji wa machungwa. Msimu ukikolea, yanapangwa kando ya barabara kwenye ndoo na mifuko ya wavu, na basi likisimama wauzaji wanakimbilia madirishani. Kwa watoto maana yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyekuwa na haki ya kusema ana njaa kabla hajamaliza machungwa yaliyopo.

Wakubwa wa wakati ule walikuwa na majibu mafupi kwa kila jambo. Ukipiga mluzi usiku unaita nyoka. Mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Mama akikutuma dukani alitema mate chini na kusema, "Uwe umerudi kabla hayajakauka." Kitindamimba alikimbia mpaka akapoteza ndala. Dada, aliyekuwa na akili ya biashara tangu mdogo, aligundua kwamba akipita pale anaweza kuyaongezea ya kwake.

Majibu hayo yalirahisisha malezi, hilo halina ubishi. Mzazi mwenye watoto watatu, ndoo sita za maji na jungu jikoni hana muda wa semina. Tatizo ni kwamba watoto waliyaamini.

Mti wa tumboni

Kitindamimba alikuwa na miaka sita alipomeza mbegu za chungwa. Si moja. Alikuwa akishindana na Kaka kumaliza machungwa matano, akaona kutema mbegu kunamchelewesha.

Alishinda. Ndipo Kaka akamkumbusha lile ambalo kila mtoto wa mji ule aliambiwa, kwamba ukimeza mbegu mti utaota tumboni na matawi yatatokea masikioni.

Usiku ule hakulala. Asubuhi alimfuata Kaka kuomba ushauri, maana Kaka alikuwa darasa la tano na alishasoma mambo ya mimea katika somo la sayansi. Kaka alifikiri kidogo, akasema mbegu haioti bila maji. Kwa hiyo dawa ni moja: asinywe maji.

Mtoto akaacha maji. Uji akaukataa kwa sababu una maji. Mchuzi akaukataa kwa sababu hiyo hiyo. Mchana akaanza kukaa juani, halafu akaona jua nalo linaotesha mimea, akahamia chini ya kitanda. Kesho yake midomo ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani. Mama akasema, kama alivyosema kila mama wa Muheza mtoto akilegea, "Hii malaria," akambeba mgongoni hadi zahanati.

Pale alitobolewa kidole, damu ikawekwa kwenye kioo na kupelekwa kwenye darubini. Malaria haikuonekana. Muuguzi, mama wa makamo, alimtoa Mama nje, akamkalisha mtoto kwenye benchi na kumuuliza taratibu kwa nini hataki maji.

Kitindamimba akamnong'oneza.

Muuguzi hakucheka. Alimwambia kwamba tumboni hakuna udongo, kuna moto wa kupikia chakula, na mbegu ikifika pale inapita njia inayopita kila kitu. Akampa kikombe cha maji yenye sukari na chumvi, akakaa naye hadi kikaisha. Alicheka baadaye, akiwa ofisini na wenzake, na alicheka sana, kwa sababu kabla ya saa kumi jioni mji mzima ulikuwa na habari. Kwa miezi mingi Kitindamimba akipita sokoni, madalali walimwita "mwenye shamba" na kumuuliza mwaka huu anategemea kuvuna matenga mangapi.

Kaka alichapwa. Hadi leo anajitetea kwamba kisayansi alikuwa sahihi.

Futi ya fundi

Adhabu ya Kaka ilikuja kwa njia nyingine mwaka uliofuata, na ilikuja kupitia dafu.

Ukanda wa pwani una imani ya zamani kwamba mwanamume akinywa madafu sana atapata busha. Wavulana wa Muheza waliambiwa hivyo mapema, hasa na wenye minazi. Wasichana hawakukatazwa, na Dada anakumbuka kwamba yeye na wenzake walikunywa madafu kwa amani huku wavulana wakiwatazama kama watu wa peponi.

Siku moja Kaka na wenzake wawili waliangua madafu kwenye mnazi usio wao. Yeye peke yake alikunywa manne. Jioni hofu ikamshika. Kuanzia kesho yake aliamka kabla ya wote, akaingia chooni na futi ya Mama ya kushonea, akajipima. Vipimo aliviandika kwa penseli nyuma ya daftari la hisabati, siku kwa siku.

Mama alitafuta futi yake wiki nzima. Aliyeipata ni mwalimu wa hisabati, pamoja na daftari. Alitazama ile safu ya namba, akauliza ni swali la ukurasa gani. Kaka akajibu ni kazi ya nyumbani.

Mwalimu aliisahihisha. Aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba namba hazina vizio.

Baiskeli ya machungwa

Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa ya Babu, baba yake Mama. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na alirudi mwisho wa wiki, kwa hiyo mwanamume wa kila siku alikuwa Babu. Alikuwa mpole, mwenye utani wa kibabu. Dada na Kitindamimba aliwaita wake zake, Kaka alimwita mume mwenziye, na kila chakula kilipochelewa alitishia kuwapa talaka wote wawili kwa mpigo.

Babu alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, yenye kiti cha ngozi kilichong'aa. Aliipaka mafuta kila Ijumaa. Alikwenda nayo shambani na kurudi nayo na matenga ya machungwa, lakini hakuna aliyewahi kumwona ameipanda. Aliisukuma. Ikiwa na mzigo aliisukuma, ikiwa tupu aliisukuma, mteremko aliushuka akitembea kando yake kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Watoto walijadili jambo hili kwa miaka. Kaka alisema Babu ni bahili, anaogopa tairi zitaisha. Dada alisema hajui kuendesha na anaona aibu. Kitindamimba aliamini baiskeli ni ya jini na Babu amekatazwa kuikalia. Siku moja wakamwomba awapakie hadi sokoni. Babu akawatazama, akasema, "Baiskeli hii ni ya machungwa, si ya makalio."

Msemo huo ukaingia kwenye familia. Mtu akitaka kukalia kitu asichoruhusiwa, anajibiwa hivyo hivyo mpaka leo.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hawakuyaunganisha. Babu alivaa kanzu pana hata shambani, mahali ambapo wazee wenzake walivaa kaptula. Hakukaa mkekani, alikuwa na benchi lake. Msikitini alisali safu ya nyuma, pembeni kabisa. Wakubwa walipomzungumzia kwa sauti ya chini walisema "ana mshipa", na watoto walishangaa kwa nini linasemwa kwa kunong'ona wakati mishipa kila mtu anayo.

Mumiani wenye gari jeupe

Kuna usiku mmoja ambao ndugu hawa wakianza kuusimulia hushindwa kuumaliza kwa kicheko.

Ili watoto wawe ndani kabla ya magharibi, Mama alikuwa na silaha moja: mumiani. Hao ni wale watu wa hadithi za pwani wanaopita usiku na gari kukamata watu na kunyonya damu. Alizisimulia vizuri, na watoto waliingia ndani jua likiwa bado linawaka.

Basi usiku huo, saa nne imepita, gari jeupe likasimama nje. Wakashuka watu wenye tochi, makoti na kisanduku, wameongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Wakabisha hodi, wakasema kwa adabu kwamba wamekuja kuchukua damu.

Dada akaingia chini ya kitanda. Kitindamimba akaingia kwenye tenga na kujifunika machungwa kichwani. Kaka akatokea mlango wa uani, akaruka ua, akaangukia kwenye banda la kuku la jirani, na kuku wakauambia mtaa uliobaki.

Watu wale walikuwa wa utafiti wa matende na mabusha. Walikuja usiku kwa sababu ya tabia ya vimelea wenyewe: vijiminyoo vya ugonjwa huo mchana hujificha ndani ya mwili na huonekana kwa wingi kwenye damu ya vidoleni usiku, saa ambazo mbu wanaovibeba wanauma. Ukichukua damu saa nne asubuhi unaweza usione kitu. Ni maelezo mazuri kabisa. Mama aliwaeleza wanawe yote hayo akiwa amepiga magoti mbele ya kitanda na taa ya chemli, lakini alikuwa anashindana na maneno yake mwenyewe ya miaka mitano, na maneno yake ya zamani yalikuwa na nguvu zaidi.

Aliyeokoa usiku ni Babu. Alitoka na kanzu yake, akakaa kwenye benchi, akanyoosha kidole cha kwanza. Kilipotobolewa akageuka kuelekea ndani na kusema kwa sauti, "Wake zangu, mimi bado mzima. Tokeni, msije mkawa wajane bure."

Wakatoka. Kaka alirudi baadaye, ana manyoya.

Fimbo ya kupimia

Mwaka 2004 mkoa wa Tanga ulianza kugawa dawa za kudhibiti matende na mabusha kwa jamii nzima, mara moja kwa mwaka. Dawa zilikuwa mbili, ivermectin na albendazole. Wagawaji walichaguliwa na wananchi kutoka miongoni mwao, na mtaa wa akina Kaka ulimchagua mama muuza maandazi, kwa hoja kwamba anajua nyumba zote na anajua nani hulipa.

Idadi ya vidonge vya ivermectin haikupangwa kwa mizani. Ilipangwa kwa urefu. Mtu alisimama mbele ya fimbo yenye alama: mfupi kidonge kimoja, anayemzidi viwili, kisha vitatu, na mrefu kabisa vinne. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa mahututi hawakupewa. Kwa watoto wengine wote fimbo ile iligeuka mashindano. Kaka, miaka 13, alisimamia vidole ili afikie vinne. Mama muuza maandazi alimchapa ndama za miguu kwa fimbo hiyo hiyo ya serikali, akamwandikia vitatu, akamwambia, "Meza mbele yangu. Ukimaliza tuzungumze yale maandazi manne ya Jumanne."

Uwanja ulijaa kicheko. Na katika kicheko hicho, yule mama, kwa sauti yake ya biashara ambayo haikuwa na ubaya wowote, akamwona Babu kwenye benchi na kumwita.

"Mzee, njoo na wewe! Hii ndiyo dawa ya mabusha!"

Kukawa kimya kidogo. Halafu mtoto mmoja akacheka, wakafuata wengine, na wakubwa wawili watatu wakageuza nyuso ukutani, mabega yanatikisika.

Babu aliinuka polepole. Akaweka kanzu yake sawa, akachukua baiskeli, akaisukuma kuelekea njia ya shambani. Mawingu yalikuwa meusi na hakukuwa na machungwa ya kufuata siku ile. Alirudi baada ya isha, amelowa, hakula. Mwaka huo dawa hakunywa.

Dada anasema ndipo alipoelewa habari ya kiti cha baiskeli. Alikuwa na miaka 11. Ilimjia ghafla, akiwa anamwangalia mgongoni.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Busha la aina hii halitokani na dafu, wala baridi, wala kurogwa. Linatokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na si mbu mmoja wa siku moja. Huchukua kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka. Minyoo hiyo huishi kwenye mirija ya mwili inayopitisha majimaji na kuiharibu. Kwa mwanamume maji hujikusanya kwenye korodani, na kwa mwanamume au mwanamke mguu au mkono unaweza kuvimba ukawa tende. Wale wasichana waliokunywa madafu kwa raha hawakuwa salama kuliko wavulana, maana mbu hawachagui. Vidonge vya kila mwaka husafisha vijiminyoo kwenye damu ili mbu wasipate cha kubeba kutoka nyumba hii kwenda ile, na ndiyo maana hutolewa kwa watu wote na hurudiwa. Lakini vidonge havirudishi ndani busha lililokwisha kutoka. Hilo ni kazi ya upasuaji.

Kwa hiyo yule mama, pamoja na nia yake njema, alikosea hata kwenye tangazo.

Mjumbe

Bwana afya alisikia yaliyotokea, kama kila mtu. Jioni ya siku ya pili alipita nyumbani, akamwambia Mama pembeni kwamba upasuaji wa busha unafanyika hospitali, si mkubwa kama watu wanavyoudhani, na mzee akikubali atamwandikia barua.

Kazi ikawa nani amwambie.

Mama ni binti yake. Binti hawezi kumtajia baba yake jambo la namna ile. Angeanza na neno gani? Baba ni mkwe, na mkwe ndiyo kabisa, hata kukohoa mbele ya Babu alikohoa kwa heshima. Shehe wa msikiti aliombwa, akasema atalitafutia nafasi, na nafasi haikupatikana. Watu wazima watatu walizunguka wiki mbili na neno moja mdomoni.

Mwishowe Mama akakumbuka kwamba nyumbani kuna mtu mwenye ruhusa ya kumtania Babu. Akamwita Kaka, akampa maneno ya kusema na kumfundisha mara tatu. Kaka aliyasahau yote njiani, kutoka jikoni hadi uani.

Alimkuta Babu anapaka baiskeli mafuta. Akasimama pale, akashika kiti, akaachia.

"Babu, mume mwenzangu."

"Naam."

"Mimi nilikunywa madafu. Manne."

Babu akaacha kupaka mafuta.

"Nikajipima na futi ya Mama. Wiki mbili. Mwalimu akasahihisha."

Wanaosema walikuwa jikoni wanadai kicheko cha Babu kilisikika hadi ng'ambo ya reli. Alicheka mpaka akakaa chini, mkekani, mahali asipokaa, akajifuta machozi kwa pindo la kanzu. Alipotulia akamwuliza mjukuu wake matokeo yalikuwaje. Kaka akasema hakuna kilichoongezeka. Babu akasema ashukuru Mungu, maana la kwake lilianza Mama akiwa bado msichana hajaolewa, na mwanzoni lilikuwa kama limau tu. Akasema aliwahi kwenda kunyonywa maji kwa sindano, yakarudi. Akasema baiskeli aliinunua akiwa mzima. Halafu wakanyamaza wote wawili.

"Wanasema hospitali wanatoa," Kaka akasema, akiangalia tairi.

"Nani anasema?"

"Wote. Wanaogopa kukwambia."

Watu wa safari

Babu alikubali kwa sharti moja: asijulikane alipokwenda. Mtaani ikatangazwa kwamba ana msiba Korogwe. Aliondoka alfajiri na mfuko wa nguo, akiwa na uso wa mfiwa.

Alipofikishwa wodini alikuta vitanda sita, na watu watano anaowafahamu. Dalali wa machungwa ambaye mkewe alisema yuko Dar es Salaam kwa mwanawe. Fundi seremala aliyekuwa "Pangani harusini". Wazee wawili wa safu ile ile ya nyuma msikitini, waliosali bega kwa bega na Babu kwa miaka bila kuambizana kitu, kila mmoja akidhani mwenzake anapenda tu upepo wa mlangoni. Wa tano alikuwa shehe.

Mji uliojua mtoto amevuka reli ndani ya dakika tano haukuwa umejua hili.

Kwa maelezo ya Babu, siku ya kwanza hakuna aliyezungumza. Siku ya pili, baada ya wote kupita chumba cha upasuaji, dalali alimuuliza fundi bibi harusi wa Pangani alikuwaje, na kuanzia hapo muuguzi wa zamu alilazimika kuja mara kwa mara kuwaomba wasicheke, mishono itafumuka. Muuguzi ndiye yule yule wa mbegu za chungwa. Alikuwa amehamishwa kutoka zahanati. Alimtambua Babu, akauliza shamba linaendeleaje.

Walirudi kutoka safari zao kwa siku tofauti, ili wasishukiwe.

Mwaka uliofuata fimbo ya kupimia ilipopita, wazee hao walikwenda pamoja. Mama muuza maandazi alikuwa ameshaonywa na bwana afya, aliwaita kwa majina yao na kuwapa vidonge kwa sauti ya chini mpaka ikabidi Babu amwombe aongeze kidogo, hasikii. Dada anasema kina mama wa mtaa huo walianza kutuma watoto kumuuliza Babu mambo ambayo hawakuweza kuwaambia waume zao. Alijibu yote. Mengine aliyajibu kwa kina kuliko mtoto alivyotumwa kupokea.

Kuhusu baiskeli, daktari alimkataza kuipanda hadi kidonda kikauke vizuri, na Babu alitii. Alisubiri miezi miwili, kila Ijumaa akipaka mafuta. Halafu asubuhi moja ya msimu wa machungwa akatoka uani akiwa amevaa kaptula, kitu ambacho wajukuu walikuwa hawajawahi kukiona, akainua mguu, akakaa kwenye kiti cha ngozi, akasukuma.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Alipita mbele ya nyumba tatu akiwa ameketi wima kama mkuu wa wilaya, watoto wanakimbia nyuma wakishangilia. Kisha njia ikaanza kushuka kuelekea sokoni. Baiskeli ambayo imesukumwa miaka zaidi ya 20 haijawahi kuhitaji breki, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuziangalia. Kengele nayo ilikuwa imekufa zamani. Babu akaanza kuita "Hodi! Hodi! Hodi!" huku kasi inaongezeka, wanawake wakaruka huku na ndoo zao, mama muuza maandazi akabeba karai zima na mafuta yake, na Babu akaingia sokoni moja kwa moja hadi kwenye lundo la machungwa la yule dalali mwenziye wa wodini.

Kitindamimba ndiye aliyefika wa kwanza. Alimkuta amekaa katikati ya machungwa, baiskeli juu ya mapaja, yuko mzima, kofia imepotea.

"Babu," akasema akihema, "si ulisema baiskeli hii ni ya machungwa?"

Babu akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Sasa haya unayoyaona ni nini?"